Sura ya Sita: Nakala Ivukayo Bahari

Maswali mawili huulizwa na wakazi wa nchi za visiwa kila serikali inapotangaza kwamba inahamishia kazi zake kwenye kompyuta. La kwanza ni la mashaka: kwa nini daftari la vizazi, hati za viwanja na orodha ya wastaafu zipelekwe kutunzwa katika nchi ya watu wengine, ilhali nchi yenyewe ina ofisi, ina makufuli na ina askari wa kulinda mlango? La pili ni la hofu: ikiwa kila kitu kimo mtandaoni, je, siku mtandao utakapokatika nchi nzima itakaa kitako ikisubiri? Kila swali likijibiwa peke yake jibu huonekana la busara, lakini majibu hayo yakiwekwa pamoja inabainika kwamba la kwanza linataka data ziwe mbali na la pili linataka data ziwe karibu. Sura hii inahusu mvutano huo, kwa kuwa makosa mengi yanayofanywa katika kulinda data za serikali za visiwa hutokana na kutibu upande mmoja na kuusahau wa pili.

## Daftari lenye kiu ya umeme

Data, kwa maana inayotumika hapa, ni habari yoyote iliyoandikwa kwa namna ambayo kompyuta inaweza kuitunza, kuitafuta na kuilinganisha na nyingine. Mtoto anapozaliwa, karani wa vizazi na vifo huandika jina lake, siku, mahali na majina ya wazazi, kisha huupa mstari huo namba. Mstari huo mmoja utaulizwa tena na tena katika maisha yake yote: na mwalimu mkuu anayeandikisha darasa la kwanza, na ofisa wa pasipoti, na msajili wa ndoa, na hatimaye hakimu anayegawa mirathi. Zamani mstari huo uliishi katika daftari kubwa lenye jalada gumu, na daftari lenyewe likakaa masjala, yaani chumba cha ofisi kinachotunza majalada na kumbukumbu, chini ya uangalizi wa mtu aliyeijua kila rafu. Leo unaishi katika hifadhidata, ambayo ni mkusanyiko wa kumbukumbu uliopangwa ili kompyuta iweze kuuchambua, nayo hifadhidata imo ndani ya seva, yaani kompyuta ambayo kazi yake ni kuzihudumia kompyuta nyingine.

Daftari la kale lilihitaji mwanga wa dirisha na macho ya karani. Hifadhidata huhitaji umeme, mashine nzima, programu inayoelewana na mashine hiyo, nywila, mtu anayeikumbuka nywila, na mara nyingi waya unaofika hadi jengo jingine. Na kila hitaji katika orodha hiyo ni mahali ambapo kazi inaweza kusimama. Hilo halimaanishi kwamba karatasi ilikuwa salama, kwani mchwa, unyevu wa pwani na paa linalovuja vimekwisha kula kumbukumbu nyingi bila kelele. Tofauti ni kwamba karatasi huharibika polepole na kwa vipande, ilhali hifadhidata inaweza kupotea yote kabla ya chai ya saa nne.

Neno linalotumika kwa uwezo wa kuyakabili hayo ni ustahimilivu wa kidijitali. Maana yake ni uwezo wa taasisi kuendelea na kazi zake muhimu pale mitambo yake inapopata dhara, au kuzirudisha upesi zikisimama. Mabaharia wa pwani ya Afrika Mashariki wanalifahamu jambo hili bila istilahi: hakuna jahazi la mbao lisiloingiza maji, ndiyo maana nahodha husafiri na upo wa kufulia maji, na hupanga mapema nani ataushika.

Umoja wa Mataifa unazihesabu nchi 39 kuwa nchi zinazoendelea za visiwa vidogo, na kwa upande wa Afrika zimo Komoro, Shelisheli, Morisi, Kabo Verde na São Tomé na Príncipe. Tatizo lao halitokani na umaskini peke yake. Katika nchi kubwa, mji mkuu ukifurika, mji ulio kilomita mia nane kutoka hapo huendelea kulipa mishahara na kutoa pasipoti. Katika kisiwa chenye mji mmoja, bandari moja, mtambo mmoja wa umeme na kituo kimoja cha data, wizara ya fedha na seva zake na nakala za seva hizo na nyumba za mafundi wanaozihudumia zote zimo ndani ya njia ya upepo mmoja.

## Mkongo ukikatika: Tonga

Watu wengi hudhani kwamba intaneti husafiri angani, pengine kwa sababu simu haina waya. Kwa kweli sehemu kubwa mno ya mawasiliano ya kimataifa hupita katika mkongo wa baharini, yaani waya mrefu uliolazwa juu ya sakafu ya bahari, ambao ndani yake mna nyuzi za kioo nyembamba kama unywele zinazobeba mwanga. Kwenye kina kirefu mkongo huo hauzidi unene wa mpira wa kumwagilia bustani.

Ufalme wa Tonga, wenye watu wapatao 100,000 katika Bahari ya Pasifiki, ulipata mkongo wake wa kwanza mwaka 2013, wenye urefu wa takriban kilomita 827 hadi Fiji. Mwezi Januari 2019 mkongo huo ulikatika na nchi ikakaa karibu wiki mbili ikitegemea setilaiti, ambayo iliweza kubeba sehemu ndogo tu ya mahitaji yake. Tarehe 15 Januari 2022 ukaja mlipuko wa volkeno ya Hunga Tonga–Hunga Ha'apai, uliotikisa sakafu ya bahari na kukata mkongo wa Fiji pamoja na ule unaoviunganisha visiwa vya Tonga vyenyewe. Siku za kwanza ulimwengu haukujua watu wa Tonga wana hali gani. Ndege za upelelezi za Australia na New Zealand ndizo zilizoleta picha. Mkongo wa kimataifa ulirudi kufanya kazi tarehe 22 Februari, na ule wa ndani haukurudi mpaka mwaka uliofuata.

Wiki tano hizo zinaeleweka mtu akijua jinsi mkongo unavyotengenezwa. Kwanza meli ya kazi hiyo, ambayo safari hii ilikuwa Papua New Guinea, ilibidi ivuke bahari. Ikifika, meli ya namna hiyo huburuta nanga yenye makucha juu ya sakafu ya bahari mpaka inase mkongo, kisha ncha iliyopatikana huvutwa hadi sitahani na kupimwa kwa mwanga ili ijulikane imebaki nzima kwa umbali gani. Ncha hiyo hufungwa kwenye boya isipotee, nayo meli huenda kuitafuta ncha ya pili. Ndani ya chumba kisicho na vumbi, fundi huunganisha nyuzi za kioo mmoja mmoja kwa joto, huku chombo kikiyumba chini ya miguu yake, na baada ya kila kiungo hupima upya. Kwa Tonga mlipuko ulikuwa umechana mkongo vipande vipande na kuvizika vingine chini ya matope, hata ikabidi makumi ya kilomita za mkongo mpya yalazwe badala ya ule wa zamani.

Kinacholihusu somo la sura hii ni swali la ofisi. Serikali ambayo daftari lake la vizazi limo ng'ambo peke yake, ikikatikiwa na mkongo kwa wiki tano, haina daftari kwa wiki tano, hata kama kila mstari uko salama salimini katika jengo lenye ulinzi mkali kilomita elfu tatu kutoka hapo. Orodha ya wagonjwa wa kisukari, orodha ya kaya kwa ajili ya kugawa maji na unga, na orodha ya mishahara ndizo zinazohitajika zaidi wiki ileile ambayo haziwezi kusomeka.

Wasomaji wa Afrika Mashariki waliionja hali hiyo kwa kiasi tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya EASSy na Seacom ilipokatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na huduma zilizotegemea seva za ng'ambo zikadorora Tanzania na Kenya. Nchi hizo, hata hivyo, zina njia nyingine za kupitishia mawasiliano, na pengo likapunguzwa kwa kuzielekeza huko. Shelisheli ilikaa na setilaiti peke yake mpaka mwaka 2012, ilipounganishwa na Dar es Salaam kwa mkongo wa takriban kilomita 1,930. Na tangu siku hiyo Victoria, mji mkuu wake, ukawa na sababu ya kufuatilia kinachotokea katika ufuo wa Tanzania.

Ni lazima kuongeza hapa jambo linalosahaulika katika mipango mingi. Kuweka data kisiwani kunadai kuwa na umeme kisiwani. Unguja, ambayo hupata umeme wake kutoka Bara kupitia waya wa chini ya bahari, ilikaa gizani takriban mwezi mmoja mwaka 2008, kisha miezi mitatu kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, na waliokuwa na jenereta wakajifunza bei ya kila lita ya dizeli. Kituo cha data hakiwezi kufunga saa nane mchana kwa kuwa mafuta yamekwisha.

## Jengo likianguka: Haiti na Dominica

Hatari ya pili inadai kinyume kabisa. Tarehe 12 Januari 2010 tetemeko la ardhi liliipiga Port-au-Prince, mji mkuu wa Haiti, na kwa chini ya dakika moja likaangusha ikulu, majengo ya wizara nyingi na jengo la mamlaka ya kodi, pamoja na watumishi waliokuwa ndani. Haiti haikuwa imejaza kompyuta. Sehemu kubwa ya kumbukumbu zake ilikuwa karatasi, nazo za ardhi zilikuwa na mapengo tangu hapo awali. Kilichofuata ni mfano mzuri wa gharama ya kupoteza maandishi. Mashirika yalikuja na vifaa vya kujengea nyumba, lakini hayakuweza kujua kiwanja ni cha nani, kwa sababu waliojua walikuwa wamekufa, hati zilikuwa chini ya kifusi, na mabishano ya mipaka hayakuwa na daftari la kuyaamua. Familia zilizokaa mahemani muda mrefu zilikuwa zikingoja mchanga na saruji, na zilikuwa zikingoja pia karatasi.

Dominica, kisiwa cha Karibi chenye watu wapatao 70,000, kilipigwa na kimbunga Maria tarehe 18 Septemba 2017, na hasara yake ikakadiriwa kuwa asilimia 226 ya pato la mwaka mzima la nchi. Kimbunga cha namna hiyo hakichagui paa la kung'oa. Ofisi yenye seva na ofisi ya pili yenye nakala ya seva hiyo, zikiwa katika kisiwa kimoja, huloa usiku mmoja.

Shelisheli iko nje ya njia ya kawaida ya vimbunga vikubwa, na hapo awali ilionekana kuwa na nafuu. Tarehe 7 Desemba 2023 mvua kubwa ilileta mafuriko na maporomoko ya ardhi katika kisiwa cha Mahé, na siku hiyohiyo mlipuko mkubwa ukatokea katika eneo la viwanda la Providence. Serikali ikatangaza hali ya hatari. Mpango wa dharura uliofikiria msiba mmoja kwa wakati mmoja ungekuwa umechelewa kabla ya jua kupanda.

Kutokana na hayo hupatikana kanuni ambayo mafundi huifupisha kwa namba 3, 2, 1: kuwe na nakala tatu za data, katika aina mbili tofauti za vyombo vya kuhifadhia, na moja kati ya hizo iwe mbali. Kanuni hiyo ilitungwa bila kufikiria visiwa, na neno "mbali" lilimaanisha jengo la mtaa mwingine. Kwa kisiwa kidogo mbali ni ng'ambo ya bahari, na tafsiri yoyote pungufu ya hiyo ni kujifariji.

## Nakala iliyotiwa sumu: Vanuatu

Mwanzoni mwa Novemba 2022, siku zilezile serikali mpya ya Vanuatu, nchi ya visiwa ya Pasifiki, ilipokuwa ikishika madaraka katika mji mkuu wa Port Vila, mtandao wa serikali hiyo ulisimama. Chanzo kilikuwa programu ya kikombozi, yaani programu ya kihalifu inayopenya ndani ya kompyuta, kuyageuza maandishi yote kuwa fumbo lisilosomeka, kisha kudai malipo ili fumbo lifumbuliwe. Barua pepe za serikali hazikufanya kazi, tovuti zilizima, na watumishi wakarudi kwenye kalamu na karatasi, wengine wakitumia anwani zao binafsi za barua pepe kwa kazi za umma. Hali hiyo ilidumu wiki kadhaa.

Vanuatu ilikuwa imefanya jambo ambalo washauri wengi wa kimataifa wangelisifu: iliziweka wizara katika mtandao mmoja wa serikali ili kupunguza gharama na kuepuka kila wizara kununua mitambo yake. Uamuzi huo ulikuwa na mantiki kwa nchi yenye mafundi wachache. Lakini nyumba yenye mlango mmoja humpunguzia mwenye nyumba kazi ya ulinzi na humpunguzia mwizi kazi ya kutafuta, na mhalifu aliyeingia alijikuta ndani ya nyumba yote.

Ubaya wa programu ya kikombozi ni kwamba inazigeuza nakala kuwa adui. Nakala inayojisasisha yenyewe kila dakika chache, iwe katika chumba cha pili au katika bara la pili, itapokea fumbo kwa uaminifu uleule iliokuwa ikipokea maandishi mazuri. Umbali haumzuii mhalifu; kinachomzuia ni kuchomolewa, yaani nakala iliyoandikwa kwenye kanda ya sumaku au diski, ikatolewa kwenye mashine, ikafungiwa kabatini. Nakala ya namna hiyo huwa imepitwa na wakati kwa siku moja au wiki moja, na hilo ndilo linaloifanya iwe na thamani.

Miaka miwili baadaye, tarehe 17 Desemba 2024, tetemeko lenye ukubwa wa 7.3 liliipiga Port Vila hiyohiyo, likaangusha majengo, likaua watu na kukata mawasiliano ya nchi na ulimwengu. Kwa hiyo mji mmoja mdogo ulipata, ndani ya muda wa kidato cha kwanza hadi cha tatu, hatari zote tatu zilizoelezwa katika sura hii.

Kwa ufupi, hadi hapa:

- Mkongo ukikatika, kinachosaidia ni nakala hai iliyoko kisiwani.
- Jengo likianguka, kinachosaidia ni nakala iliyoko ng'ambo.
- Mhalifu akiingia, kinachosaidia ni nakala ambayo haijaunganishwa na kitu chochote.

Nchi yenye nakala ya aina moja tu, hata iwe kumi kwa idadi, imejikinga na hatari moja.

## Nakala ya ng'ambo ikae kwa nani?

Hapa swali la kwanza la wananchi linarudi, nalo linastahili heshima kuliko linayopewa na wauzaji wa mitambo. Jibu la kawaida la wauzaji ni "wingu". Jina hilo limewapotosha wengi, kwani wingu la kompyuta halielei popote: ni jengo lililojaa seva za kampuni fulani, lililo juu ya ardhi ya nchi fulani, linalokodishwa kwa saa au kwa mwezi. Lina ubora wake, maana mafundi wa kampuni kubwa ni wengi na wana uzoefu kuliko idara ya watu wanne. Lakini kampuni ina nchi yake, na nchi ina sheria zake. Sheria ya Marekani ya mwaka 2018, kwa mfano, inaziruhusu mamlaka za nchi hiyo kuzidai data zilizo mikononi mwa kampuni za Marekani hata kama seva zenyewe ziko Ulaya au Asia. Kuambiwa kwamba data ziko Ireland, kwa hiyo, hakutoshi. Ni lazima kuuliza pia mwenye jengo anamtii nani.

Njia ya pili ilifunguliwa na Estonia, nchi isiyo kisiwa lakini ndogo, yenye watu kama milioni 1.3 na kumbukumbu chungu ya kukaliwa na majirani. Mwaka 2017 ilitia saini mkataba na Luxembourg ili kuweka nakala za rejista zake kuu, zikiwemo za watu, ardhi, makampuni na hazina, katika kituo cha data cha Betzdorf. Kituo hicho huitwa ubalozi wa data. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961 hulinda majengo na nyaraka za ubalozi wa kawaida dhidi ya polisi wa nchi mwenyeji, lakini chumba cha seva hakina balozi wala bendera mlangoni. Ndiyo maana ilibidi mkataba maalumu uandikwe, unaosema kwamba maofisa wa Luxembourg hawaingii humo wala hawagusi kitu bila idhini ya Estonia. Monaco nayo baadaye ilifuata njia hiyohiyo kwa Luxembourg.

Kwa visiwa vidogo njia ya Estonia ni nzuri na ni ghali, na si busara kuinakili kama ilivyo. Kinachoweza kuigwa bila gharama kubwa ni utaratibu wake wa kuchagua. Estonia ilianza na orodha fupi ya rejista ambazo bila hizo dola haiwezi kujithibitisha: nani ni raia, nani anamiliki nini, nani anadaiwa, sheria zinasemaje. Picha za uzinduzi wa miradi, barua za mialiko na mihadhara ya semina zinaweza kusubiri. Serikali isiyoweza kutaja rejista zake kumi za kwanza kwa majina haiko tayari kununua chochote, na wakati mwingine kikao cha nusu siku cha makatibu wakuu kina faida kuliko kontena zima la seva.

Ukraine nayo ilionyesha kwamba kizuizi kinaweza kuwa sheria. Kanuni zake zilizitaka data za serikali zikae ndani ya nchi, nazo zilibadilishwa Februari 2022, siku chache tu kabla ya uvamizi wa Urusi, ndipo data zikaanza kuhamishwa. Nchi ya kisiwa haina haja ya kubahatisha kiasi hicho, kwa kuwa msimu wa vimbunga unajulikana kwa kalenda.

## Makufuli matatu

Data zinazovuka bahari husimbwa kwanza, yaani hugeuzwa kuwa fumbo ambalo hufunguliwa kwa ufunguo mmoja tu, na ufunguo huo ni mfululizo mrefu wa tarakimu. Kwa kusimbwa, mwenye jengo la ng'ambo hutunza sanduku asiloweza kulisoma. Jambo hilo huondoa sehemu kubwa ya hofu ya wananchi na huleta hofu mpya mahali pake: ufunguo ukae wapi? Ukikaa kwa mwenye jengo, usimbaji haukuwa na maana. Ukikaa kisiwani katika kasha la idara, kimbunga kitakachochukua paa kitachukua na ufunguo, na nakala iliyonusurika ng'ambo itakuwa rundo la herufi zisizo na maana.

Jibu lake linafahamika katika vijiji vingi vya Tanzania. Sanduku la fedha la VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa, huwa na makufuli matatu, na funguo zake hushikwa na wanachama watatu wanaokaa nyumba tofauti. Sanduku lenyewe hukaa kwa mtu wa nne. Hakuna anayeweza kulifungua peke yake. Udhaifu wa mpangilio huo ni kwamba mmoja akisafiri kwenda msibani, kikundi kizima hungoja. Hesabu imeshaondoa udhaifu huo: mwaka 1979 Adi Shamir, mtaalamu wa usimbaji, alichapisha njia ya kuugawa ufunguo katika vipande, tuseme vitano, kwa namna ambayo vitatu vyovyote vinatosha kufungua na viwili havitoi hata dokezo. Waziri wa fedha anaweza kushika kimoja, jaji mkuu kimoja, mkuu wa idara ya kompyuta kimoja, na viwili vikakaa balozini ng'ambo. Kisiwa kikipoteza mawasiliano na watu wawili, dola bado inaweza kusoma daftari lake.

## Saa ya ukutani

Nakala ambayo haijawahi kurudishwa ni dhana. Zoezi la kurudisha huenda hivi: siku moja ya kazi, bila taarifa ndefu, mashine tupu huwekwa mezani, kanda hutolewa kwenye kasha, na msajili huchagua jina lolote la mwaka wowote, kisha wote huitazama saa ya ukutani. Katika zoezi la kwanza mambo madogo ndiyo huangusha kazi. Kisomeo cha kanda kimechakaa na kingine hakiuzwi tena. Programu mpya haielewi muundo wa faili la zamani. Au inagunduliwa kwamba kwa miezi minane mtambo ulikuwa ukinakili folda tupu na kuandika "imefanikiwa" kila usiku wa manane.

Zoezi hilo huzaa vipimo viwili ambavyo kila waziri anaweza kuvielewa. Cha kwanza ni kazi ya saa ngapi inayoweza kupotea bila madhara yasiyovumilika, na cha pili ni muda gani ofisi inaweza kukaa imefungwa. Rejista ya viwanja inaweza kupoteza kazi ya siku moja, kwa kuwa wauzaji na wanunuzi bado wana karatasi zao, na inaweza kufungwa wiki mbili. Duka la dawa la hospitali haliwezi. Kuzipa rejista zote ulinzi sawa ni kutumia fedha ovyo upande mmoja na kukosa upande mwingine.

Karatasi haipaswi kuonewa haya katika mpango huu. Ofisi ya vizazi inayochapa maingizo yake mapya kila mwisho wa mwezi, ikayajalidi na kuyapeleka kisiwa cha pili kwa boti, imejipatia nakala isiyohitaji nywila wala dizeli, ambayo hakuna programu ya kikombozi inayoweza kuifikia.

Udhaifu uliobaki ni wa watu. Idara ya kompyuta ya nchi yenye watu elfu kumi na moja inaweza kuwa na mtu mmoja anayeujua mfumo wa mishahara kwa undani, na mtu huyo naye huugua, huenda kujifungua, hupata kazi nzuri zaidi ng'ambo. Daftari la maelekezo lililoandikwa kwa lugha ya kawaida, likakaguliwa na mtu ambaye hakuliandika, ni kinga ya bei nafuu kuliko zote, na ndiyo inayoahirishwa mara nyingi kuliko zote.

## Nchi iliyo juu ya maji kwa mita chache

Tuvalu, yenye watu wapatao 11,000, imelipeleka suala hili mahali ambapo hakuna nchi nyingine iliyofika. Visiwa vyake vya matumbawe viko mita chache tu juu ya bahari, na bahari inapanda. Mwezi Novemba 2022 waziri wake, Simon Kofe, alitangaza katika mkutano wa tabianchi nchini Misri kwamba nchi itajenga nakala yake ya kidijitali, ikiwemo picha za visiwa vyote, kumbukumbu za utamaduni na huduma za serikali. Mwaka 2023 katiba ilirekebishwa ili iseme kwamba dola ya Tuvalu itaendelea kuwapo hata ardhi yake ikipotea. Picha za visiwa ndizo zilizovuma magazetini, na haishangazi, maana zinagusa moyo. Kwa mwanasheria na kwa karani, sehemu isiyopigwa picha ndiyo nzito: orodha ya raia, orodha ya wapiga kura, na maelezo ya ardhi ambayo kwa kawaida humilikiwa na koo, yakiwa na mipaka inayotajwa kwa minazi na mawe ambayo siku moja yanaweza kuwa chini ya maji.

Mkataba wa Falepili kati ya Tuvalu na Australia, uliotiwa saini Novemba 2023 na kuanza kutumika Agosti 2024, unawaruhusu Watuvalu hadi 280 kila mwaka kuhamia Australia, huku Australia ikitambua kwamba dola ya Tuvalu inaendelea. Kila anayeondoka hubaki katika daftari la Funafuti, mji mkuu wa Tuvalu, na huko aendako atazaa watoto ambao nao watataka mstari wao. Kwa sasa ingizo la asili huandikwa kisiwani na nakala yake ndiyo inayoweza kusafiri. Kadiri wahamiaji watakavyoongezeka, itafika siku ambayo vizazi vingi zaidi vitaandikishwa Brisbane na Melbourne kuliko Funafuti, na ingizo la ng'ambo litakuwa la asili, na la kisiwani litakuwa nakala. Na karani wa siku hiyo atahitaji sheria inayomwambia ni lipi kati ya hayo mawili litakaloaminiwa yakitofautiana.